Kutafuta nyumba ya likizo Mombasa, mtaa kwa mtaa

Jumatano: Horohoro hadi Diani

Kwa mtu wa Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, na si ajabu kusikia fulani kaenda arusini Mombasa Ijumaa akarudi Jumapili. Safari hii siendi arusini. Desemba familia yetu yote inakutana huko: sisi wa Tanga pamoja na mama, na dada yangu na wanawe wanaokaa Nairobi. Vichwa tisa. Watatu bado ni wa kushikwa mkono barabarani, na mmoja ana magoti yasiyotaka kusikia habari ya ngazi. Hoteli kwa idadi hiyo ni kufilisiana, kwa hiyo tumekubaliana tupange nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko, kwa wiki moja.

Dada ameshachagua mtaa bila kuondoka Nairobi. Nyali. Hoja yake ni kwamba wenzake wote kazini hufikia Nyali. Ametuma picha za makochi na vitanda mpaka simu ya mama imejaa. Mimi nina likizo, na mama ndiye aliyenisukuma: "Nenda ukaone kwa macho. Picha haina harufu."

Mpakani Horohoro tulipita bila matata. Ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika kwenye kituo kimoja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Pasi na kadi ya homa ya manjano viwe mkononi, visiwe chini ya mzigo wa zawadi za ndugu. Nikabadili fedha kidogo. Ukizidisha shilingi ya Kenya kwa 20 unapata ya kwetu, hukosei sana.

Baada ya Lunga Lunga ni minazi, miembe, mashamba ya miwa ya Ramisi, kisha Msambweni. Niliteremka Ukunda nikachukua tuktuk hadi Diani, maana dada alikuwa ameitaja kama chaguo la pili. Diani si Mombasa, iko Kaunti ya Kwale, lakini watu wa Nairobi huzitaja kwa pumzi moja. Nyumba za kupanga zimefuata barabara inayokwenda sambamba na ufukwe. Za upande wa bahari zina bei yake, za ng'ambo ya barabara zina yake. Mchanga ni mweupe kweli kweli, hilo hawakudanganya. Jioni niliwaona mbega wakivuka barabara juu kwa juu, kwenye ngazi za kamba walizofungiwa kutoka mti hadi mti ili wasigongwe na magari. Watoto wangesimama hapo siku nzima.

Ila mama haji kutazama mbega. Anakuja kuona mashangazi Kibokoni, Mji wa Kale, kununua viungo soko la Markiti na kukaa na watu. Kwake Diani ni mbali. Kwa anayetaka bahari tu, nitasema jambo moja ambalo wengi wa Nairobi hawajalizoea bado: tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike 2024, ukishuka kwenye treni ya Nairobi, stesheni ya Miritini, unaweza kufika Diani bila kupanda kivuko cha Likoni wala kugusa kisiwa cha Mombasa.

Alhamisi: Likoni, halafu Mji wa Kale

Matatu ya Ukunda inakuacha Likoni, na hapo sharti uvuke. Waendao kwa miguu hawalipi, magari ndiyo yanayolipa. Geti likifunguliwa watu wote wanateremka mteremko kwa pamoja: wenye baiskeli, wenye matenga ya kuku, wanafunzi, na maofisa wenye tai waliobana bahasha kwapani. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, maana mlango wa Kilindini ni mwembamba. Kinachokula muda ni kusubiri, na mwenye gari husubiri zaidi.

Juu ya kivuko ndipo jambo lenyewe liliponikalia sawa kichwani. Mombasa mjini ni kisiwa. Kusini unavuka kwa kivuko cha Likoni, kaskazini kwa daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, palipofunguliwa daraja jipya mwaka 2022. Anayepanga nyumba huuliza ina vyumba vingapi na kama kuna kiyoyozi. Swali la kwanza lingekuwa hili: iko upande gani wa maji, na kila siku tutayavuka saa ngapi? Upande wa Likoni nyumba ni za bei nafuu, na ufukwe wa Shelly upo hapo hapo. Lakini watu tisa kwenye foleni ya kivuko, asubuhi na jioni, na mtoto mmoja ambaye lazima atataka choo katikati? Nikaifuta Likoni kabla hatujatia nanga.

Shangazi yangu anakaa Kibokoni. Baada ya chakula alinipeleka kwa jirani yake, ajuza mwenye nyumba ya zamani ya ghorofa iliyokarabatiwa vizuri. Mlango wa nakshi, baraza la saruji nje, ndani kuta nene za mawe ya matumbawe ambazo mchana wa joto unaziona faida yake mara tu unapoingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwaja wangapi?"

"Tisa, pamoja na watoto."

"Na mamako?"

"Yumo. Magoti ndiyo yanamsumbua."

Akatazama ngazi zake, akanitazama mimi. "Basi panda wewe kwanza, kisha uniambie."

Nikapanda. Ngazi za nyumba hizi zimebanwa kati ya kuta mbili, mabega yako karibu yaguse huku na huku. Kila kipandio kimeinuka hadi katikati ya muundi, kingo zimelika katikati kwa miguu ya vizazi, na pa kushika ni kamba iliyopitishwa kwenye pete za chuma. Kwenye kona ya pili ngazi inageuka ghafla, nawe huoni unakanyaga wapi mpaka macho yazoee giza. Vyumba viwili viko juu ya kona hiyo. Juu kabisa kuna dari ya makuti, na hapo ndipo roho yangu ilipotaka kusaini: bandari ya kale chini yako, mashua zimefungwa, ng'ambo ya maji Nyali, upepo mtupu. Bei ilikuwa ndogo kuliko zote nilizokuja kuzisikia baadaye.

Nilipotelemka yule bibi hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mimi mwenyewe hulala chini."

Mji wa Kale ni wa kumpa rafiki, si wa kumpa mama. Ukija wawili, vijana, mkitaka kuamka na adhana na kula vizuri bila kupanda gari, msitafute kwingine. Mjue tu kwamba gari halifiki mlangoni, mizigo inakwenda kwa mkokoteni wa hamali, na vichochoroni watu wanavaa kwa staha, nanyi vaeni hivyo.

Ijumaa

Siku ya kula. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Sisi wa Tanga hatupendi kukiri habari hizi, kwa hiyo nitasema tu kwamba niliongeza sahani. Nilipita Markiti kwenye viungo kabla ya watu kwenda msikitini, kwa sababu Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane maduka mengi ya hapo hufunga milango. Alasiri nikakaa nje ya Fort Jesus, ngome ya Wareno ya 1593, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Watoto wa kidato wanaosoma habari hizo darasani wataletwa hapa wapende wasipende.

Shangazi aliuliza kila mzee aliyepita baraza lake mtaa upi unafaa kwa familia. Mmoja akasema Tudor. Mwingine akasema Tudor zamani, si sasa. Wa tatu akasema Buxton, kwenye maghorofa mapya karibu na daraja, ambako siku hizi wengi hukodisha kwa siku. Nilipita kuyaona jioni. Ni safi na yana lifti, ila yamesongamana na ukifungua dirisha unatazamana na jirani. Nikayaweka akiba.

Jumamosi: Nyali

Daraja la Nyali la sasa ni la 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea, na shangazi bado analisimulia lilivyokuwa likiyumba. Nilivuka kwa tuktuk saa tatu asubuhi, barabara nyeupe.

Nisimdhulumu dada: Nyali ni mtaa wa raha. Barabara pana, kuta ndefu zenye maua yaliyomwagikia nje, maduka makubwa ya kununulia kila kitu, hospitali, sinema, mabwawa ya kuogelea kwenye majengo karibu yote mapya. Dalali niliyeelekezwa kwake alikuwa kijana mchangamfu mwenye simu mbili. Nyumba ya kwanza aliyonionyesha kwenye simu ilikuwa na kochi jekundu na picha ya twiga ukutani. Ya pili, iliyosemekana iko Shanzu, ilikuwa na kochi lile lile na twiga yule yule.

"Kaka, huyu twiga anahama nyumba?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Dadangu, wewe watoka wapi?"

"Tanga."

"Haya, twende ukaone za kweli."

Na za kweli alikuwa nazo. Ya kwanza, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi, jenereta lipo, bwawa liko chini. Tangazo lilisema ni dakika tatu hadi baharini. Nikamwambia twende kwa miguu. Bahari kweli ilikuwa karibu, unaisikia, lakini kati yako na maji pana hoteli, halafu nyumba ya mtu yenye geti, halafu hoteli nyingine, zote zina kuta. Unatembea sambamba na bahari ukitafuta kichochoro cha umma cha kuteremkia. Tulitumia zaidi ya robo saa, juani, bila watoto, bila maboya na bila mfuko wa taulo. Tangu hapo kila nyumba niliyoonyeshwa niliuliza swali moja: njia ya umma ya kuteremkia iko wapi? Wengine walibadilisha mazungumzo.

Ya pili ilikuwa nzuri zaidi kwa sura. Mama anayeisimamia usafi alikuwa akipika chai yake, akanikaribisha kikombe. Chai ilikuwa ya maziwa, tangawizi ipo, sukari ipo, na chumvi ipo. Nilidhani ulimi wangu umechoka. Nikanywa tena. Chumvi ile ile, si kali, imekaa nyuma ya sukari inasubiri umalize kumeza.

"Ni maji ya kisima, dada," akasema bila kuona haya. "Mie nshazoea. Wageni twawanunulia madumu ya kunywa."

Nikaingia bafuni nikafungua bomba nikajipaka sabuni. Povu likagoma. Sabuni iliteleza mikononi, ikaacha utando mweupe, basi. Wasichana wa dada wana nywele za kusuka. Nikaona wiki nzima ya kilio.

Hili si kosa la mwenye nyumba. Mombasa haina mto wake, maji yake matamu yanakuja kwa mabomba kutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo Tsavo Magharibi, na Baricho kwenye mto Sabaki. Hayatoshi, yanakuja kwa zamu, kwa hiyo majengo yamechimba visima, na kisima cha karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi. Wengine wanachanganya, wengine wanaagiza magari ya maji. Ndiyo sababu siku hizi nikiingia nyumba sianzi na vyumba vya kulala. Naanza na sabuni.

Kisha umeme. Mita ni za kulipia kabla, na baadhi ya wenye nyumba wanakupa tokeni za kuanzia tu. Ukiwasha kiyoyozi usiku kucha vyumba vitatu, Desemba, kaskazi ikiwa bado haijakolea, tokeni zitakwisha kabla ya alfajiri. Uliza mapema nani ananunua. Kwa nyumba ile niliambiwa shilingi 12,000 za Kenya kwa usiku msimu wa Krismasi, tokeni juu yetu.

Jumapili: Bamburi

Ufukwe wa umma wa Bamburi una jina rasmi, Jomo Kenyatta, lakini ukilisema kwa dereva wa matatu atakuangalia. Sema Pirates. Jumapili mji mzima upo hapo: ngamia wa kupanda, maboya ya mipira ya magari yanayokodishwa kwa saa, viazi karai, mabuyu, wapiga picha, familia zilizokuja na sufuria la pilau. Nilifika saa nne asubuhi na bahari haikuwepo.

Ilikuwa siku za bamvua. Siku hizo maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita nne, na yakipwa yanakwenda mbali mno, unabaki na mchanga wa mawimbi mawimbi, mwani, vidimbwi vyenye samaki wadogo, na watu wanaotembea kuelekea mwambani. Watoto wa Nairobi waliofika nami kwenye matatu moja walisimama pale na maboya yao kiunoni wamepigwa butwaa. Kijana mwenye maboya, anayeishi kwa hayo, alimwambia baba yao: "Mzee, kaleni kwanza. Maji yajaa saa kumi."

Na saa kumi yakajaa kweli, mpaka kwenye ukuta. Hapo nikazidi kutomwelewa dada. Unalipa zaidi ili ulale karibu na bahari, lakini bahari yenyewe ina saa zake, na saa hizo zinasogea karibu dakika hamsini kila siku. Kuoga utaoga kwa muda wa saa mbili au tatu, ukipanga vizuri. Muda uliobaki mnatakiwa muwe mahali penye chakula, kivuli na pa kutembea. Sasa kwa nini nilipie mchanga mtupu?

Nyumba za Bamburi ni nafuu kuliko za Nyali na nyingine zina maji mazuri kuliko nilivyotarajia. Na kwa watoto pana Haller Park, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyoanza kupandwa miti 1971 mpaka yakawa msitu wenye twiga na makobe. Ni pale pale ambapo mtoto wa kiboko aliyeokolewa siku za tsunami ya 2004 alijiambatanisha na kobe mzee kana kwamba ni mama yake. Wanangu wanaidai hadithi hiyo kila wakilala. Kwa hiyo Bamburi tutakuja, hilo halina mjadala. Kuja na kulala ni vitu viwili.

Jumatatu: darajani

Saa moja asubuhi nilisimama upande wa kisiwa, karibu na daraja la Nyali, na kikombe cha kahawa chungu. Shangazi aliniona mwehu. Magari kutoka Kongowea kuja mjini yalikuwa yamefungana: matatu, malori, bodaboda zinajipenyeza, kondakta ananing'inia mlangoni anagombana na mwenzake. Upande wa pili, kutoka kisiwani kwenda Nyali, ungeweza kupiga danadana.

Sababu iko wazi ukishaiona. Wanaofanya kazi kisiwani wengi hulala bara: Kisauni, Bamburi, Mtwapa, Likoni. Asubuhi wanaingia, jioni wanatoka. Sasa fikiria familia ya likizo iliyolala Nyali. Asubuhi inataka kwenda Fort Jesus na Markiti, inaingia kwenye foleni. Jioni mama ametoka kwa mashangazi anataka kurudi, foleni. Ukigeuza, ukalala kisiwani, asubuhi unakwenda ufukweni barabara nyeupe, jioni unarudi mjini wakati wenzako wanatoka. Kila safari uko kinyume na mji. Desemba magari huongezeka pande zote, najua, lakini hata hivyo ni afadhali kuongezewa kwenye barabara iliyo tupu.

Niliporudi pale saa kumi na moja jioni foleni ilikuwa imegeuka uso, ile ile, imeelekea bara. Nikampigia picha dada bila maelezo. Akajibu kwa alama ya kuuliza.

Kati ya asubuhi na jioni nilikwenda Mtwapa, kwa haki tu, maana mume wa dada aliitaja. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ikipanuliwa, vumbi na michepuko. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kaunti ya Kilifi. Muziki unaanza mchana na hauna nia ya kulala. Wanaokuja kwa ajili hiyo wanajua wanachokifuata, na sisi tuna mama. Nilipenda magofu ya Jumba la Mtwana, misikiti na nyumba za karne ya 14 chini ya mibuyu, bahari mbele yake. Nikageuza.

Jumanne: Kizingo

Shangazi alikuwa ameitaja Kizingo tangu Alhamisi, mimi nikapuuza kwa sababu haina ufukwe. Iko ncha ya kusini ya kisiwa, mahakama na ofisi za serikali ziko karibu, barabara zina miti mikubwa, na ikifika jioni kelele pekee ni kunguru wanaogombea matawi. Kutoka hapo hadi Fort Jesus na Mji wa Kale unakwenda kwa miguu kama jua si kali, au tuktuk ya muda mfupi. Upande wa pili ni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari iliyotengenezwa upya 2019.

Nilikwenda Mama Ngina jana jioni na tena leo. Mji wote unakuja kupunga upepo: wazee kwenye vipandio, vijana chini ya mibuyu, akina mama na vigari vya watoto. Mihogo ya kukaanga inapasuliwa katikati inatiwa pilipili na ndimu, madafu yamepangwa chini. Meli za makontena zinaingia Kilindini zikipita karibu nawe kiasi kwamba unawaona mabaharia wakitembea. Wanangu wawili wa kiume hawatahitaji kitu kingine. Hapa hakuna mchanga wa kuogea, ni miamba na mawimbi, na watoto washikwe. Lakini magoti ya mama hayataki mchanga. Yanataka njia iliyonyooka, pa kukaa kila baada ya hatua chache, na watu wa kusalimiana nao. Vyote vipo.

Nyumba niliyoipata ni ya mama mmoja mstaafu anayekaa chini yake. Ghorofa ya kwanza, ngazi pana, vipandio vifupi, nguzo ya kushika pande zote. Nilikwenda moja kwa moja bafuni.

"Wewe si mpangaji, ni mkaguzi," akasema mwenye nyumba kutoka mlangoni.

"Nisamehe, mama. Nimekunywa chai ya chumvi Jumamosi."

Akacheka, akaelewa. Povu lilitoka. Maji ya mji yanaingia kwenye tangi siku za zamu, na yakikosekana yeye ndiye anayeagiza gari la maji, si mpangaji, nikamwomba aliandike. Sebule na vyumba viwili vina madirisha ya mashariki, kwa hiyo kaskazi ikianza kuvuma itaingia ndani bila kiyoyozi. Chumba cha tatu kiko upande wa nyuma na kina joto. Hicho ni cha dada, kwa kuwa yeye amezoea baridi ya Nairobi na anasema analikosa joto la pwani. Bwawa hakuna. Maegesho ni ya gari moja.

Alianza na 10,000 kwa usiku. Nikamwambia wiki nzima, familia, hakuna sherehe, na mpishi wetu ni mama mwenyewe. Tukaishia 8,500 pamoja na usafi katikati ya wiki, tokeni za kawaida ndani, kiyoyozi tukikiwasha tununue wenyewe. Nusu ilipwe sasa. Sikutaka kitu kitumwe mpaka niliposhika ufunguo, nikafungua na kufunga milango yote, na kuona jina lake kwenye stakabadhi ya umeme likilingana na la kwenye simu ya kupokelea fedha. Ndipo nikampigia dada.

"Kizingo? Ufukwe uko wapi?"

"Bamburi. Nusu saa asubuhi, barabara tupu. Nakutumia saa za maji kujaa za wiki yote, tutakwenda yakiwa yamejaa, si kama wale wa Jumapili."

"Na bwawa?"

"Hakuna."

Kimya. Nikasikia akiongea na mtu pembeni. "Wanangu wanataka bwawa."

Tulivutana kidogo. Yeye ana mbio, mimi nina picha za foleni. Mwishoni tumekubaliana hivi: wiki nzima Kizingo, na yeye na wanawe wakitaka watabaki usiku mbili tatu Diani baada ya sisi kurudi Tanga, kwenye nyumba yenye bwawa, kwa gharama yake. Tukiondoka tutawashusha Ukunda njiani. Kurudi Nairobi watapita Dongo Kundu moja kwa moja hadi stesheni.

Dada ametuma nusu kwa M-Pesa saa tisa, mwenye nyumba ameandika risiti kwenye kitabu chenye kaboni. Dada anakata tiketi ya treni leo usiku, ile ya saa mbili asubuhi, shilingi 1,500 kwa mtu daraja la kawaida, kwa sababu Desemba viti huisha mapema. Gari la kuwapokea Miritini nimelipanga na jirani wa shangazi. Mama ameuliza jambo moja tu kwa simu, kama jiko lina sehemu mbili au nne. Lina nne, na moja haiwaki vizuri. Mwenye nyumba ameahidi kuitengeneza kabla ya tarehe 20, nalo pia limeandikwa.